Naomba ushauri: kamera za besiboli zinatunyima mchezo
Ndugu wanachama, hapa Tudor, Mombasa, mimi na ami yangu hukesha kutazama besiboli ya Marekani, ambayo mara nyingi huanza saa nane za usiku kwetu. Kamera inayomwonyesha mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, kwa mgongoni yatosha kabisa kabla ya pigo. Lakini mpira ukishapigwa, picha huufuata peke yake angani, nasi hatujui kama mkimbiaji aliyekuwa kituo cha pili, kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka, ameshatoka, wala walinzi, yaani wachezaji wa timu inayoudaka mpira, wamejipangaje. Linaloudhi zaidi ni kuonyeshwa uso wa mtazamaji jukwaani ilhali mrushaji ameshaachia mpira. Je, kuna njia ya kupata picha pana, yenye walinzi wote tisa, kupitia televisheni au intaneti? Nitashukuru kwa mwongozo wenu.