Punchi inapasuka kila nikiipa moto, mteja ananisumbua. Naombeni ushauri

FundiUngaLtd: Wakuu, habari za jioni. Ni fundi lezi, ile mashine ya kuchongea chuma, hapa Arusha, mitaa ya Unga Limited. Nimepata kazi ya kuchonga dai, yaani kile chuma chenye tundu ambamo punchi inashuka na kukata bati; ni ya kukatia bawaba za milango, bati la milimita 1. Kuchonga hakuna shida, punchi inaingia kwenye dai bila kugusa. Tabu iko kwenye moto. Nikiipasha ikawa nyekundu nikaizamisha, inatoka na ufa kwenye kona. Chuma ni D2, kile kigumu cha kutengenezea vifaa vya kukatia, nimeuziwa ghali. Mteja anapiga simu asubuhi na jioni. Nifanyeje?

MamaNjiro: Pole mdogo wangu. Hiyo kazi uliianza kwa maombi?

KerezaMzee: Umeizamisha kwenye nini?

FundiUngaLtd: Maji, mzee.

KerezaMzee: Ah! D2 ina kromiamu karibu asilimia 12, inakomaa, yaani inakuwa ngumu, kwa hewa tu. Unaipasha taratibu mpaka kama nyuzi 1,010 kwenye tanuri lenye kipimo, si kwa kukadiria rangi. Unaitoa, inapoa yenyewe, halafu unairudisha kwenye nyuzi 200 hivi, mara mbili. Na kona kali za ndani zizungushe kidogo, ufa huanzia hapo. Sisi tuliofundishwa na Wabulgaria pale kiwanda cha mashine cha Kilimanjaro Machine Tools, ulikuwa husogei tanuri kabla hujaeleza chuma ulichoshika ni cha aina gani. Vijana wa sasa mnakimbilia mashine.

Mchaga_Halisi: Mzee umenikumbusha mbali. Marehemu baba alikuwa na karakana Moshi, alinitoa mbio nilipogusa maikromita yake, kile kipimo cha unene, na mikono ya grisi. Leo nauza simu, ila nikisikia lezi inalia nasimama.

Nyundo255: Jamani huu uzi ni wa kutunga. Fundi anayejua kuchonga dai azamishe D2 kwenye maji? Haya mkuu, kati ya punchi na dai umeacha nafasi kiasi gani?

FundiUngaLtd: 0.05 kila upande.

Nyundo255: Umepatia. Nani kakupa hicho kipimo?

FundiUngaLtd: Nilipima dai nyingine.

Nyundo255: Ya nani?

FundiUngaLtd: Ya karakana ninayofanya kazi. Mnaosema natunga, sikilizeni. Pale moto anachoma bosi mwenyewe, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Miaka yote nachonga, yeye anakomaza. Ningejulia wapi?

MamaNjiro: Kwa hiyo hata mteja ni wa bosi?

FundiUngaLtd: Alinifuata mwenyewe dada yangu, sikumwita. Na dai ile nilichonga mimi kwa mikono hii, mchoro nilichora mimi. Chumba Kwa Mrombo nimeshalipia kodi, advansi ya mteja ndiyo iliyonunua chuma. Sijauliza habari za bosi, nimeuliza habari za ufa.

MamaNjiro: Aliyekuweka kwenye lezi ni nani? Nenda kamwage kwaheri kwa heshima kabla hajasikia mtaani.

Boda_wa_Themi: Kamwage nini? Mtu anakufungia mlango miaka yote ili usijue kazi, unamdai wewe! Piga kazi mdogo wangu.

KerezaMzee: Mama amesema kweli, ila na kufungia kijana mlango si malezi. Sasa shika kipande cha chuma hicho, kiguse kwenye jiwe la grainda, uniambie cheche zikoje.

FundiUngaLtd: Mzee shikamoo. Nimejaribu. Ni ndefu, za njano inayoelekea nyeupe, zinachanua matawi mengi.

KerezaMzee: Marahaba. Hiyo si D2. Cheche za D2 ni fupi, nyekundu nyekundu, hazichanui sana. Umeuziwa chuma cha namna ya springi. Hicho kizamishe kwenye oili ya uvuguvugu, maji lazima yakipasue, na kikitoka kirudishe kwenye joto siku hiyo hiyo. Bawaba za mwanzo kitakata, ila makali yatawahi kuisha, na mteja lazima umwambie hilo kabla hajamalizia malipo.

FundiUngaLtd: Nikimwambia akarudi kwa bosi je?

KerezaMzee: Mwambie.