Nihesabu franka zenye hazijafika mezani?

Bandugu, jambo kwenu, minaomba shauri yenu juu hii kitu inanisumbua kabisa. Huku Himbi, hapa Goma, tunachezaka pokeri ya Texas Hold'em (kila mutu ana karata zake mbili, za mezani ni za bote) kila siku ya posho na barafiki. Ile juzi nilikuwa na 9 na 8 za kere (alama moja ya karata; ukifikisha tano za alama moja unakuwa na mukono wa nguvu), mezani kere zingine mbili, inabaki karata moja tu ya mwisho. Katikati kulikuwa 6000, mwenzangu akaweka 4000, akabakisha 9000 mbele yake. Karata 46 sizione, kere 9 zenye zinabaki ndizo zinaniokoa, zingine 37 hapana, kwa hiyo kulipa ile 4000 nilipaswa kushinda kama 16500 hivi, na pale kulikuwa 10000 tu. Ile 6500 yenye inakosa ningeitoa kwake kisha kere kufika. Nilishajaribu hivyo mara mbili, kere inatoka, yeye anaiona wazi anatupa karata, sipate kitu zaidi, na inaniuma juu nilikuwa nimehesabu muzuri.

Sasa kwa mutu mwenye anaogopaka hivyo, kwenye ile 9000 nihesabu ngapi? Na juu kere zangu ni ndogo, nipunguze kiasi gani kwa ile siku yeye atakuwa na kere kubwa kunipita?