Magemu ya kuwafundisha vijana kutambua habari feki, yanasaidia kweli?

MwalimuWaJioni:
Habari zenu wadau. Nina vijana wa miaka 14 mpaka 16, nimechoka kuwahubiria. Nawaambia msiamini kila mnachokiona mtandaoni, wanaitikia ndiyo mwalimu, alafu baada ya dakika kumi namkuta mmoja anasambaza picha ya mafuriko ya miaka ya nyuma huko kana kwamba yametokea leo asubuhi. Kuna aliyewahi kufundisha haya mambo kwa gemu? Wanaondoka na kitu au muda unaisha tu?

Kisima_88:
Mwalimu jaribu Bad News. Ilitoka 2018, ni kazi ya watafiti wa Cambridge na wenzao wa Uholanzi, unacheza kwenye brauza bure. Raha yake ni kwamba mchezaji ndo anakuwa muongo, anafungua akaunti feki, anatafuta mafolowa na kukusanya beji sita, kujifanya mtu mwingine, kuchochea hisia, kugombanisha watu na kadhalika. Wazo lenyewe ni kama chanjo, unampa kijana dozi ndogo ya uongo ili akikutana na ule mkubwa aujue, na hilo mwanasaikolojia William McGuire alishaliandika tangu miaka ya 1960. Wa kwangu mmoja alipofika kwenye beji ya hisia alisimamisha gemu akasema "kumbe ndo maana ile meseji ilikuwa herufi kubwa tupu na imeandikwa tuma kabla haijafutwa". Hapo mimi nilikaa kimya, alishajifundisha mwenyewe.

MamaWawili:
Nakubaliana na Kisima ila kuna kitu kilinitokea lazima nikiseme. Baada ya wiki mbili za magemu wangu wakawa wanasema kila kitu feki, hata habari za kweli kabisa, na hiyo ni hatari vilevile jamani, mtu asiyeamini chochote hajajua kupembua. Kuna watafiti pia wameliona hilo kwenye haya magemu. Nikatengeneza kadi za karatasi, kila kadi ina habari moja, kijana anasema kweli au uongo na anaweka dau la pointi kati ya moja na tano kulingana na uhakika wake. Akiweka tano akakosea zinakatwa zote tano. Mwanzo wote wanaweka tano tano, raundi ya tatu unaona mtu ameshika kadi anauliza "naruhusiwa kuangalia kwingine kwanza?" Ndicho nilichokuwa nakitafuta! Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliwalinganisha wahakiki wa habari na wanahistoria na wanafunzi wa chuo, wahakiki ndo walishinda kwa sababu hawakuganda kwenye ukurasa wenyewe, walitoka haraka kwenda kuona wengine wanasema nini juu yake.

MwalimuWaJioni:
Asante sana dada, hiyo ya dau nimeipenda mno maana simu tunayo moja tu. Kadi za uongo ziwe ngapi?

MamaWawili:
Kwenye kumi weka nne, za kweli zizidi. Na baadhi ya za kweli ziwe zile zinazosikika kama uongo.

Kisima_88:
Na simu moja inatosha mwalimu, mmoja anasoma kwa sauti wengine wanapiga kura kwa mikono. Ila urudie baada ya wiki kadhaa, chanjo yenyewe inapungua nguvu.

MwalimuWaJioni:
Sawa, jioni hii naanza kukata karatasi. Ile picha ya mafuriko ndo kadi ya kwanza.