Nikipanda juu maneno yanapotea, myuziko za zamani zinaimbwaje?

soprano_wa_jioni:
Habari zenu wadau. Nimesomea uimbaji wa klasiki miaka minne, sa hivi nimepewa nafasi ya Laurey, mhusika mkuu wa kike, kwenye myuziko (tamthilia ya nyimbo) ya Oklahoma! na zimebaki wiki sita tu. Mazoezini kiongozi wa muziki ananiambia sauti nzuri ila haelewi naimba nini, na kweli nimejirekodi kwa simu nikasikiliza, kuanzia noti ya E5 (E ya oktava ya tano) kwenda juu kila neno linageuka "oo". Nikijaribu kuimba kama ninavyoongea koo linabana, noti za juu zinagoma kabisa. Nifanyeje jamani, niache mafunzo yote ya opera au?

pumzi_kwanza:
Imba kwa sauti ya kifua tu dada, myuziko ni kubelti (kuipaza hiyo sauti ya kifua hadi juu), opera iweke pembeni.

mwalimu_wa_sauti:
Hapana, hapo samahani nakataa, ushauri huo utamuumiza. Kwenye Oklahoma! anayefaa kubelti ni Ado Annie, yule mhusika mwingine wa kike, Laurey ni soprano. Onyesho lenyewe ni la 1943, enzi ambayo waimbaji walikuwa hawavai maiki mwilini, sauti ilibidi ipite juu ya okestra hadi siti za nyuma, ndo maana nyimbo zile zinadai pumzi ya opera. Hata South Pacific ya 1949 walimchukua Ezio Pinza, besi aliyetoka Metropolitan Opera ya New York.

Kwa hiyo dada pumzi yako usiiguse, kinachobadilika ni irabu. Nahisi umezoea kuzizungusha zote tangu chini, kaakaa limeinuka na zoloto (kisanduku cha sauti kooni) limeshuka hata kwenye noti ambayo ungeweza kuiongea. Chukua mstari mmoja, useme kama unamwambia mtu aliyekaa mbele yako, halafu uuimbe wote kwa noti moja, G4 inatosha, bila kubadilisha midomo, ndo uweke melodi. Weka kidole kidevuni ukijitazama kwenye kioo. Pale taya linaposhuka bila neno kulidai, piga alama ya penseli kwenye noti, hapo ndo pa kufanyia kazi.

besi_mtulivu:
Naongezea kitu maana hili lilinisumbua sana nikifanya kazi na masoprano. Huko juu kabisa usijilaumu, ni fizikia. E5 ni kama hezi 659 (mitetemo kwa sekunde), wakati mwangwi wa kwanza (masafa ya chini kabisa ambayo mdomo na koo huyakuza) wa irabu "i" na "u" uko chini sana, kwenye 300 hadi 400 hivi, yaani noti yenyewe imeshaupita, ukiing'ang'ania "i" kali sauti inakuwa nyembamba na koo linabana kama ulivyosema. Iachie ielekee "e" kidogo, msikilizaji bado atasikia "i" kwa sababu ya konsonanti zilizoizunguka. Konsonanti ndo zinabeba neno huko juu! Zitangulie mpigo, irabu ikae juu ya mpigo wenyewe, ukichelewesha konsonanti unachelewesha kila kitu.

Na vibrato (kutetemesha sauti) usiianze tangu mwanzo wa kila noti, kwenye sentensi za kuongeaongea imba noti imenyooka, vibrato ije noti ndefu inapotulia. Mimi hiki kilinichukua muda mrefu kuliko vyote.

mwalimu_wa_sauti:
Besi umesema vizuri sana. Dada, kabla ya mazoezi puliza mrija ndani ya glasi ya maji, uzame sentimita mbili tatu, huku ukiimba melodi yote. Mapovu yakikatika ujue pumzi imekatika hapo hapo, na mara nyingi ni noti moja kabla ya ile unayoiogopa.

soprano_wa_jioni:
Asanteni mno, nimejaribu siku nne. Kidole kidevuni kimenionyesha taya langu linaanza kushuka tangu B4, wala sikuwahi kujua, huko nilikuwa naimba "oo" bila sababu yoyote. Leo kiongozi kaandika maneno aliyoyasikia akiwa amekaa nyuma kabisa, ubeti wa kwanza kapata yote, wa pili kakosa matatu, yote matatu yanaishia na "t" au "d" kwenye noti ndefu. Swali langu la mwisho, ile "t" ya mwisho naifunga lini, noti ikiisha au kabla?

besi_mtulivu:
Ifunge pale pumziko linapoanza, siyo kabla. Na usiizimie pumzi, iache itembee hadi "t" itoke.