Gratin dauphinois: maziwa yanakatika, viazi vigumu

Swali
Wadau, napika gratin dauphinois, yaani viazi vya vipande vyembamba vinavyookwa ndani ya maziwa. Kwa kilo 1 ya viazi, maziwa yanakatika na kufanya mabonge, na viazi vya katikati vinabaki vigumu. Oveni ni nyuzi 200. Tatizo ni joto au vipimo?

Jibu
Joto kwanza. Shusha hadi nyuzi 160, oka saa 1 na robo. Pia maziwa matupu hukatika upesi. Changanya mililita 300 za maziwa na 300 za krimu nzito, maana mafuta ya krimu huzuia protini zisigandane. Kata viazi milimita 3, unene ulingane. Na tafadhali usivioshe baada ya kukata! Wanga ule ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito.

Jibu
Naongezea: chemsha viazi ndani ya maziwa na krimu kwa moto mdogo dakika 10, pamoja na chumvi na kungumanga kidogo. Koroga taratibu, chini hushika haraka. Kisha mimina kwenye bakuli la oveni lililosuguliwa kitunguu saumu na kupakwa siagi. Ukifanya hivi, dakika 50 za kuoka zinatosha. Choma kisu katikati: kikizama bila kukwama, tayari.

Muulizaji
Na jibini?

Jibu
Ile ya asili ya Dauphiné, kusini-mashariki mwa Ufaransa, haina jibini wala mayai. Ukipenda jibini, nyunyiza ile ya gruyère gramu 50 dakika 20 za mwisho. Ikitoka, iache itulie dakika 15, la sivyo mchuzi utachuruzika ukikata.