Tupeane uzoefu: kupika taratibu, kwa kufuata msimu

Mwiko wa Mbao
Wadau, habari za majikoni. Huu ni mwaka wa pili tangu nihamie kijumba kidogo chenye bustani nyuma, na sharti nililojiwekea ni moja: kinachoiva bustanini ndicho kinachoingia chunguni. Kwenye picha maisha haya ni vitambaa vya maua na mkate dirishani. Kwangu mimi, mwezi uliopita ilikuwa maboga siku kumi na moja mfululizo.

Nianze na aibu yangu. Niliwahi kubandika maharage na nyanya kwa pamoja tangu mwanzo. Saa nne zikapita, bado yanagonga meno. Kumbe uchachu wa nyanya unayazuia maharage kulainika. Siku hizi nyanya hazigusi sufuria mpaka maharage yaive. Haya, leteni yenu, na yaliyoungua pia.

Kifuniko
Mkuu, hapo kwenye maharage niongeze kabla mtu hajaumia. Nilitumbukiza maharage mekundu kwenye chungu cha umeme, kile cha moto mdogo, nikalala zangu. Tulipoyala, nyumba nzima tulipokezana choo. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na moto hafifu hauiondoi. Yaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha yatokote kwelikweli kwa nusu saa. Ukishamaliza hapo ndipo ushushe moto na uende zako.

Mama Mitungi
Mimi ni wa kabichi. Zikikomaa, zinakomaa zote wiki moja, sasa utakula ngapi? Nazikatakata, kila kilo naitia gramu 20 za chumvi, nafikicha mpaka zitoe maji, nashindilia mtungini. Zinachachuka zenyewe. Mtungi wa kwanza niliutupa: vipande vilielea juu ya maji vikaota ukungu. Sasa nakandamiza kwa jiwe nililolichemsha. (Mume wangu bado anauliza kwa nini kuna jiwe kwenye chakula.)

Sina Muda
Samahani nivuruge sherehe. Nina watoto wawili na narudi nyumbani jioni. Hivi vitu si vya wenye nafasi?

Mwiko wa Mbao
Nusu nakubali, dada yangu. Mkate wa chachu ya kufuga niliuacha, ile chachu inataka kulishwa kama mtoto mchanga. Lakini mifupa na nyama ngumu zinadai muda wa chungu, wako hazidai. Robo saa ya kukatakata siku ya mapumziko, halafu moto mdogo saa tatu au nne, maji yacheze tu pembeni. Zile nyuzi ngumu zinayeyuka, na supu ikipoa inaganda kama jeli. Unagawa kwenye vikopo, unaweka friza. Wiki nzima unapasha tu.

Tunda Bichi
Jamu! Ya kwanza ilibaki uji, ya pili nilihofia uji nikaichemsha mpaka ikawa ya kuchonga kwa kisu. Kilichoniokoa ni kisahani cha friza: dondoshea tone, lisukume kwa kidole, likikunjamana epua. Changanya na matunda machache ambayo hayajaiva sawasawa, hayo ndiyo yenye kugandisha. Yaliyoiva mno yana utamu lakini hayashiki.

Sina Muda
Nimerudi. Nililoweka maharage juzi usiku kama alivyosema Kifuniko, nikayasahau juu ya meza. Leo maji yana mapovu na harufu ya uchachu. Nimwage maji tu?

Kifuniko
Mwaga yote, dada. Na safari hii, ukiona hutapika kesho yake, yalowekee kwenye friji.

Sina Muda
Nimemwaga. Nimeloweka mengine.