Peku au raba: mshindo wa kutua unaenda wapi?

kocha_wa_jioni
Wakuu, nina vijana wa kilomita 10, wote wamezoea raba za kisigino kinene (kisigino kiko juu ya vidole kwa kama milimita 10). Wamesikia peku inaokoa magoti, wakaanza kukimbia peku kwenye nyasi. Siku ya tatu tu, wawili wanashuka ngazi kwa shida, vigimbi vinauma. Je, mshindo unapungua kweli au unahamia kwingine? Na walipaswa waanze na umbali gani?

Unyayo
Yote mawili, kocha. Anayetua na kisigino hupata kwanza mshindo wa ghafla ndani ya milisekunde 50 za mwanzo, halafu mzigo wa katikati ya hatua, kama mara 2.5 ya uzito wa mwili. Raba huulainisha ule wa kwanza, haiuondoi. Anayetua na sehemu ya mbele ya unyayo karibu haupati kabisa, maana kifundo kinakunjika taratibu na kigimbi kinafanya kazi ya springi. Daniel Lieberman na wenzake walilipima hili kwa wakimbiaji wa Kenya na Marekani, wakachapisha kwenye jarida la Nature mwaka 2010.

Ila ule mzigo wa pili uko palepale. Goti linapunguziwa, kigimbi na kano ya nyuma ya kisigino vinaongezewa. Ukiondoa zile milimita 10, kisigino kinashuka chini zaidi na kano inavutwa zaidi, maelfu ya hatua kwa zoezi moja.

Halafu nashuku wanakimbia kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi kabisa. Warekodi kwa simu kutoka ubavuni, kamera usawa wa kifundo. Mguu uguse kwanza ukingo wa nje, nyuma ya kidole cha nne na cha tano, kisha kisigino kishuke polepole mpaka chini.

MpimaHatua
Kuvua raba peke yake hakubadilishi mtuo. Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya wamezoea peku, lakini utafiti wa 2013 uliwakuta wengi wakitua na kisigino kwenye mwendo wa kawaida.

Goti linaelemewa hasa na hatua ndefu, mguu ukitua mbali mbele ya mwili. Hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa sekunde 30, zidisha kwa 4, upate hatua za dakika moja. Ukipata 160, mpandishe hadi 168 kwa kasi ileile, raba zikiwa miguuni. Achana na habari za kila mtu lazima afike 180. Kama shida ni magoti tu, mimi nisingewavua raba.

Unyayo
Hapo sina ubishi. Kwa watakaoendelea na peku: wiki ya kwanza mita 400 hadi kilomita 1, siku moja ndiyo siku moja hapana, mwanzoni mwa zoezi kabla hawajachoka. Kilichobaki wamalizie na raba. Kila wiki usiongeze zaidi ya 10%. Siku za katikati wanyanyue visigino kwenye ukingo wa ngazi, mara 15 kwa seti 3, wakishuka kwa sekunde 3. Seti moja goti likiwa limekunjwa, ili msuli wa ndani wa kigimbi nao upate kazi. Wale wawili wasubiri mpaka wanyanyuke kwa mguu mmoja bila maumivu.

fizio_wa_uwanjani
Msiusahau mfupa, unazoea taratibu kuliko msuli. Kigimbi kikiuma chote, miguu yote miwili, na kikatulia ndani ya siku chache, huo ni msuli. Bonyeza juu ya unyayo, mfupa wa kidole cha pili na cha tatu. Akishtuka kwa maumivu ya sehemu moja tu, asikimbie tena, apelekwe hospitali. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonekana safi na ufa upo, kwa hiyo isiwe ruhusa ya kurudi uwanjani.

kocha_wa_jioni
Shukrani wakuu. Soksi zinaruhusiwa?

Unyayo
Hapana, zinateleza kwenye nyasi. Kagua miiba na chupa kabla ya zoezi, funza baada yake, na uulize nani hajachanjwa pepopunda.